Ngazi Isiyo na Jina: Uchapishaji wa Utafiti kuhusu Elimu ya Kati Juba, Sudan Kusini, na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi utafiti kuhusu elimu ya kati nchini Sudan Kusini unavyochapishwa, mahali unakochapishwa, na sababu za matokeo yake kuwafikia kwa nadra walimu na watunga sera walioko Juba. Kwa “elimu ya kati” hapa inakusudiwa elimu ya darasa la 5 hadi la 8. Hoja kuu ni kwamba pengo lililopo lina vyanzo viwili. Kwanza, ngazi hii ilipoteza jina lake katika mfumo wa shule, na kwa hiyo ikapotea katika takwimu na katika mada za watafiti. Pili, maandiko yanayohusu ngazi hii hupita katika njia mbili za uchapishaji, na zote mbili haziishii Juba. Makala yanahitimisha kwamba Kiswahili, kinachotarajiwa kuingia katika shule hizo, kinaweza kusaidia kuziba pengo hilo au kuliongeza, kutegemea utaratibu utakaowekwa sasa.

1.0 Utangulizi

Mtoto wa Juba anapoingia darasa la 4, sheria humtaka abadili lugha ya kujifunzia. Sheria ya Elimu ya mwaka 2012 inaagiza kwamba lugha za taifa, yaani lugha za jamii za Sudan Kusini, zitumike kufundishia hadi darasa la 3, kisha Kiingereza kishike nafasi hiyo. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, kwa upande wake, inakitaja Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote za elimu. Hati hizo mbili hazisemi jambo moja, na anayepokea matokeo ya tofauti hiyo ni mwalimu wa darasa la 5. Darasani mwake wanaweza kuwamo watoto walioanza kusoma kwa Kibari, waliosoma kwa Kiarabu wakiwa Khartoum, na waliosoma kwa Kiingereza wakajifunza na Kiswahili katika kambi ya Kakuma nchini Kenya. Wengi wao huzungumza Kiarabu cha Juba mara tu wanapotoka nje kucheza.

Mshauri wa sera anayetaka kumsaidia mwalimu huyo atauliza swali la kawaida: utafiti unasema nini? Jibu lake si jepesi. Utafiti kuhusu elimu ya Sudan Kusini upo, na baadhi yake ni wa kiwango cha juu. Hata hivyo, si rahisi kuupata ukiwa Juba, na unapopatikana aghalabu huzungumzia shule ya msingi kwa ujumla wake au shule ya sekondari. Madarasa ya kati huguswa kwa kupita tu. Sehemu zinazofuata zinaeleza hali hiyo ilivyotokea, inavyoendelea, na inavyowahusu watafiti wa Kiswahili.

2.0 Ngazi iliyokuwapo ikafutwa

Sudan Kusini iliwahi kuwa na shule za kati zenye jina na hadhi yake. Chini ya utawala wa Waingereza na Wamisri, elimu iligawanywa katika ngazi tatu: shule za awali, shule za kati na shule za sekondari. Katika eneo la kusini, shule za kati ziliendeshwa hasa na wamisionari. Loka ilikuwa ya Waanglikana, na Okaru na Bussere zilikuwa za Wakatoliki. Shule hizo zilifundisha kwa Kiingereza wanafunzi ambao katika shule za awali walikuwa wamefundishwa kwa lugha zao. Kwa kuwa eneo lote la kusini halikuwa na shule ya sekondari hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, shule ya kati ndiyo iliyokuwa kilele cha elimu kwa vijana wengi waliobahatika kusoma. Makarani, walimu na wanasiasa wengi wa kizazi cha uhuru walipita humo.

Mgawanyo huo ulibadilika mara kadhaa. Mwaka 1970 Sudan ilianza mfumo wa miaka 6 ya msingi, 3 ya shule ya kati na 3 ya sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shule ya kati ilifutwa, na badala yake ikawekwa miaka 8 ya elimu ya msingi na 3 ya sekondari. Wakati huohuo, vita vilivyoanza mwaka 1983 vilikuwa vimeligawa eneo la kusini kielimu. Miji iliyoshikiliwa na serikali, Juba ikiwamo, ilifuata mtaala wa Khartoum kwa Kiarabu, ilhali shule nyingi katika maeneo ya SPLM zilitumia vitabu vya Kenya na Uganda kwa Kiingereza. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005 ulifuatwa mfumo wa miaka 8 ya msingi na 4 ya sekondari, na mtaala wa taifa uliozinduliwa mwaka 2015 umeuendeleza.

Matokeo yake ni kwamba darasa la 5 hadi la 8 halina jina la kisheria. Si jambo dogo. Katika utawala wa elimu, kisicho na jina hakina safu yake katika jedwali. Takwimu zinapotolewa kwa “shule za msingi”, mtoto wa darasa la 1 anayejifunza herufi na kijana wa darasa la 7 anayesoma sayansi kwa Kiingereza huhesabiwa pamoja. Wastani wa mahudhurio au wa walimu wenye sifa huficha tofauti iliyo kati yao. Aidha, umri hauwezi kutumika badala ya jina. Kutokana na miaka ya vita na uhamisho, wengi walio katika madarasa hayo wamepita umri uliokusudiwa, na wengine husoma katika mpango wa elimu ya kasi unaofupisha miaka 8 ya msingi kuwa 4.

Nchi jirani zinaonyesha tofauti inayoletwa na jina. Tanganyika ya miaka ya 1950 ilikuwa na shule za kati, nazo zikafutwa baada ya uhuru. Kenya imefanya kinyume: mfumo mpya wa umilisi umeiita hatua ya gredi ya 4 hadi ya 9 elimu ya kati, na mnamo Januari 2023 wanafunzi wa kwanza waliingia gredi ya 7, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari msingi. Mara hatua hiyo ilipopewa jina, mjadala ulifuata kuhusu walimu wake, maabara zake na mahali pa kuiweka. Jina halikuyatatua matatizo hayo, ila liliyafanya yaonekane, na kinachoonekana huweza kutafitiwa.

3.0 Njia mbili za uchapishaji

Maandiko kuhusu elimu ya Sudan Kusini hutoka kwa njia mbili kuu, na kila moja ina taratibu zake.

Njia ya kwanza ni ya kitaaluma. Mtafiti hukusanya data, huandika makala au kitabu, hupeleka kazi kwa mhariri, na mhariri huikabidhi kwa wataalamu wenza ili waipime. Wakiridhika, kazi huchapishwa, mara nyingi baada ya mwaka mmoja au zaidi. Kazi za msingi kuhusu elimu ya eneo hili zilipita humu. Kitabu cha Lilian Sanderson na Neville Sanderson kuhusu elimu, dini na siasa kusini mwa Sudan kati ya 1899 na 1964 kilichapishwa London mwaka 1981. Kitabu cha Marc Sommers kuhusu shule na vita vya 1983 hadi 2004 kilichapishwa Paris mwaka 2005 na taasisi ya UNESCO ya mipango ya elimu. Watafiti wa Oslo, akiwamo Anders Breidlid, wameandika kwa miaka mingi katika majarida ya kimataifa kuhusu mitaala na utambulisho katika eneo hilo. Ubora wa kazi hizo haupingwi. Hata hivyo, kwa kiasi kikubwa wasomaji, wahariri na wapimaji wa njia hii wako nje ya nchi inayoandikwa. Majarida mengi husomwa kwa kulipia, na yale yaliyo huria mara nyingi humtoza mwandishi ada ambayo mhadhiri wa Juba hawezi kuimudu kwa mshahara wake.

Njia ya pili ni ya ripoti. Mashirika ya misaada na wafadhili huagiza tathmini, wataalamu huzifanya kwa muda mfupi, na ripoti hukabidhiwa kwa aliyeilipia. Njia hii ina faida: ni ya haraka, ina data mpya, na wakati mwingine inaitambua ngazi ambayo mfumo umeisahau. Mfano mzuri ni mradi wa elimu ya wasichana Sudan Kusini uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2013. Mradi huo uliwapa wasichana ruzuku ya fedha kuanzia darasa la 5, kwa sababu hapo ndipo hatari ya wao kuacha shule inapoongezeka. Pia ulijenga utaratibu wa shule kutuma taarifa za mahudhurio kwa simu, zikaonekana katika tovuti ya umma. Kwa hiyo mradi uliuona mpaka ambao sheria haikuuchora. Udhaifu wa njia ya ripoti ni kwamba si lazima ripoti ipimwe na wataalamu wasiohusika na mradi, maswali yake huwekwa na mkataba, na mara nyingi mradi ukifika mwisho mlolongo wa maarifa nao hukatika. Ripoti inayofuata huanza upya.

Zipo pia sababu za haki zilizowafanya watafiti wa njia zote mbili wapite mbali na madarasa ya kati. Sensa ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba asilimia 27 tu ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi walijua kusoma na kuandika. Katika hali hiyo swali la dharura lilikuwa kumwingiza mtoto shuleni, na swali la pili lilikuwa amani: historia inafundishwaje, na vijana wa sekondari wanaielewaje vita? Maswali hayo mawili yaliwavuta watafiti kwenye ncha mbili za mfumo. Yaliyo katikati yalibaki bila mwenyewe.

4.0 Kwa nini mahali pa kuchapisha ni jambo la msingi

Huenda ikaulizwa kama mahali pa kuchapisha pana uzito wowote, ikiwa maandiko siku hizi husafiri kwa intaneti. Uzito upo, kwa sababu tatu.

Kwanza ni usahihishaji. Chapisho la kitaaluma hupata nguvu yake kwa kupingwa. Mwalimu wa Munuki au Gudele anayejua kwamba “kufundisha kwa Kiingereza” darasani mwake maana yake ni kusoma sentensi kwa Kiingereza na kuieleza kwa Kiarabu cha Juba, ana ushahidi unaoweza kurekebisha makala nzima. Ikiwa makala hayo hayamfikii, kosa hubaki, na hunukuliwa na makala yanayofuata.

Pili ni kumbukumbu. Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa mwaka 1975 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1977. Mwaka 1989 kilihamishiwa Khartoum kwa sababu ya vita, kikarejeshwa hatua kwa hatua baada ya mkataba wa mwaka 2005. Chuo kinachohama hivyo hakiwezi kujenga hazina ya tasnifu na ripoti kwa mfululizo. Panapokosekana hazina, kila mtafiti mpya huanza kana kwamba hakuna aliyemtangulia.

Tatu ni mfano wa kwamba jambo hili linawezekana. Tangu mwaka 2008 jarida la kitabibu la Sudan Kusini limekuwa likitolewa na kusomwa bila malipo. Limeendelea kutoka katika miaka ya vita vilivyoanza Desemba 2013. Madaktari na wauguzi wamepata humo mahali pa kuandikiana kuhusu wagonjwa wao wenyewe. Walimu wa madarasa ya kati wanahitaji jukwaa la aina hiyo. Hivyo hoja kwamba nchi iliyotoka vitani haiwezi kuendesha jarida haina mashiko; kinachohitajika ni jamii ya waandishi na wahariri wanaoliona kuwa lao.

5.0 Mikutano miwili ya mwaka 1928

Historia ya lugha katika Afrika Mashariki inatoa ulinganisho wa karibu zaidi. Aprili 1928, wawakilishi wa serikali na misheni walikutana Rejaf, kando ya Nile, kusini kidogo mwa Juba. Walichagua lugha chache za kuandikiwa vitabu vya shule, zikiwamo Kibari, Kidinka, Kinuer, Kilotuko, Kishiluki na Kizande. Kimsingi walikubaliana kwamba mtoto aanze kwa lugha yake na baadaye avuke kwenda Kiingereza. Ripoti ya mkutano ilichapishwa London. Mwaka huohuo, mkutano wa Mombasa ulipitisha Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu.

Mikutano hiyo miwili inafanana kwa asili yake ya kikoloni, lakini ilizaa matunda tofauti. Mkutano wa Mombasa ulifuatwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 1930 na kuanzisha taarifa yake ya kuchapishwa. Taarifa hiyo ilikua, ikabadili jina, na leo ndiyo jarida la Kiswahili linalotolewa na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa zaidi ya miaka 90, maamuzi kuhusu Kiswahili yamekuwa na mahali pa kujadiliwa na kusahihishwa. Mkutano wa Rejaf ulizaa vitabu vya kiada na tahajia, lakini haukuacha jarida linaloishi ambamo walimu na wanaisimu wangeendelea kuuliza kama mpango ule unafanya kazi.

Athari yake inaonekana hadi leo. Mpaka uliowekwa na sheria ya mwaka 2012 kati ya darasa la 3 na la 4 unafuata mantiki ileile ya Rejaf: lugha ya nyumbani chini, Kiingereza juu. Karibu karne imepita, na swali la kinachomtokea mwanafunzi katika miaka minne baada ya kuvuka mpaka huo halijajengewa mlolongo wa tafiti zinazojibizana.

6.0 Kiswahili na hatari ya kurudia kosa

Sudan Kusini ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Dar es Salaam mnamo Aprili 2016. Tangu hapo viongozi wake wameeleza nia ya kukiingiza Kiswahili shuleni, na wameiomba Tanzania msaada wa walimu. Kiswahili si kigeni kabisa mjini Juba. Kimeletwa na waliorejea kutoka Kakuma na Uganda, na na wafanyabiashara na madereva wanaopita barabara ya Nimule. Husikika katika soko la Konyo Konyo. Hata hivyo, lugha ya soko na lugha ya darasa ni mambo mawili.

Ikiwa Kiswahili kitaingia kama somo, madarasa ya kati ni mahali panapoelekea kukipokea, kwa kuwa madarasa ya chini yametengewa lugha za jamii. Maana yake ni kwamba somo jipya la lugha litawekwa palepale ambapo mwanafunzi anahangaika na Kiingereza, na ambapo maarifa yaliyochapishwa ni haba. Mshauri wa sera atakayeandika ratiba ya vipindi atahitaji kujua mambo mahususi. Mwanafunzi wa darasa la 5 huandika Kiingereza kwa kiwango gani? Kiarabu cha Juba humsaidia vipi kutambua maneno ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu? Aliyerejea kutoka Kakuma awekwe darasa moja na asiyewahi kusikia Kiswahili? Kwa sasa maswali hayo yatajibiwa kwa makisio.

Tanzania ina uzoefu wa kushirikisha hapa, wa mafanikio na wa upungufu. Tatizo la kuvuka kutoka Kiswahili cha shule ya msingi kwenda Kiingereza cha sekondari limetafitiwa kwa kina na wasomi kama Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell. Mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuwaunganisha watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norwei, ulichapisha vitabu vyake vya awali Dar es Salaam, karibu na shule zilizotafitiwa. Hilo ni la kuigwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya utafiti huo unaotetea Kiswahili uliandikwa kwa Kiingereza, na mwalimu wa sekondari wa Dodoma au Lindi ameusoma kwa nadra.

Hapa pana tahadhari kwa wanataaluma wa Kiswahili wenyewe. Ni rahisi kudhani kwamba kuchapisha kwa Kiswahili ni dawa ya kutosha. Sivyo. Kwa mwalimu wa Juba asiyesoma Kiswahili, makala yaliyochapishwa kwa Kiswahili Dar es Salaam, Nairobi au Zanzibar yako mbali sawasawa na yale ya Kiingereza yaliyochapishwa Oslo. Watafiti wa Kiswahili wakienda Juba kukusanya data, wakarudi kuandika kwao, na wakapimwa na wenzao wa kwao, watakuwa wamefuata njia ileile kwa lugha nyingine. Kiswahili kitastahili nafasi yake katika shule za Sudan Kusini kitakapokubali kusahihishwa na walimu wa Sudan Kusini.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameeleza kwamba uhaba wa maarifa kuhusu elimu ya kati Juba hautokani na kukosekana kwa watafiti tu. Unatokana na ngazi iliyofutwa jina na maandiko yasiyorudi yalikotoka. Kutokana na hayo, mapendekezo manne yanatolewa.

Kwanza, Wizara ya Elimu ya Sudan Kusini itoe takwimu za darasa la 5 hadi la 8 peke yake, hata kama mfumo wa miaka 8 hautabadilishwa. Hatua hii haihitaji sheria mpya. Pili, kila kibali cha utafiti kitolewe kwa sharti kwamba nakala ya ripoti, tasnifu au makala itawekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Juba, na wafadhili waliandike sharti hilo katika mikataba yao. Tatu, kila kazi iambatane na ikisiri ya kurasa mbili kwa lugha ambayo walimu wa eneo husika wanaisoma, na ikisiri hiyo ijadiliwe nao kabla ya kazi kuchapishwa. Nne, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na majarida ya Kiswahili ya kanda yawaalike wahadhiri na walimu wa Juba kuwa waandishi wenza na wapimaji, na kazi zao zikubaliwe kwa Kiingereza pale inapobidi na kutafsiriwa kwa gharama ya jarida.

Pendekezo la nne ndilo lililo mikononi mwa jamii ya Kiswahili moja kwa moja, na halisubiri uamuzi wa serikali yoyote. Walimu wa Kiswahili wakifika Juba kabla ya utaratibu huo kuwekwa, watakaolipa gharama ni wanafunzi wa darasa la 5, watakaoongezewa lugha moja zaidi bila mtu kujua walikuwa wameishika ipi.